Niliingia chuo na pointi 17, sasa GPA yangu ni 2.61. Tatizo ni nini?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msichana, mwanafunzi wa mwaka wa pili, Shahada ya Usimamizi wa Biashara, katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Kampala. Nimelelewa kambini Arua, baba ni mwanajeshi, Kiswahili ndicho cha nyumbani, ndiyo maana nakuandikia wewe. Senior 6 nilisoma Historia, Jiografia na Ujasiriamali, nikapata pointi 17 kati ya 20. Mwaka wa kwanza nimeumaliza na GPA, yaani wastani wa alama, ya 2.61 kati ya 5, na riteki moja, yaani kozi ya kurudia, ya takwimu: kazi za muhula 16 kati ya 40, mtihani 28 kati ya 60. Jaribio la kwanza sikulifanya, foleni ya Jinja Road ilinishika. Wenzangu walioingia na pointi 11 au 12 wana 4 na zaidi. Naishi kwa shangazi Bweyogerere, baba analipa ada kidogo kidogo, na usiku nasoma mpaka saa nane. Ni nini hasa kinachoamua matokeo ya mtu chuoni? Ni akili, ni shule aliyotoka, au ni pesa? Na mimi bado nina nafasi?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Karibu.

Nianze na swali lako la mwisho, maana nahisi ndilo linalokunyima usingizi. Nafasi unayo, na inahesabika kwa kalamu. Shahada yako ni ya mihula sita na umemaliza miwili. Tukichukulia kwamba mihula yote ina uzito unaokaribiana, ili uhitimu na daraja la pili la juu, yaani 3.60, mihula minne iliyobaki inatakiwa ikupe wastani wa 4.1 hivi. Kwa mizani ya Makerere, ambayo vyuo vyetu kadhaa vinafanana nayo, alama 70 hadi 74 ni 4.0, na 75 hadi 79 ni 4.5. Kwa hiyo unatafuta sabini na kitu katika kozi nyingi. Ni kazi, lakini si muujiza. Kwa daraja la pili la chini, 2.80, unahitaji wastani wa 2.9 tu. Daraja la kwanza, linaloanzia 4.40, limeshakupita: ukipata 5 tupu mpaka mwisho utaishia 4.20, na hata riteki ikikuongezea kidogo, hufiki. Nakwambia wazi ili ujue unalenga wapi.

Sasa kinachoamua matokeo. Umetaja akili, shule na pesa. Vyote vitatu vina sehemu yake, na nitavigusa. Lakini katika wanafunzi niliowafundisha na kukaa nao ofisini, nimeona kwamba karibu kila kitu humfikia mwanafunzi kupitia njia moja: saa zake za masomo zinakwenda wapi, na ndani ya saa hizo anafanya nini. Pesa ikikosekana, inakula saa. Nyumba ikiwa mbali, inakula saa. Msingi wa somo ukiwa dhaifu, kila ukurasa unadai saa mbili badala ya moja. Na kuna mwanafunzi mwenye saa tele anayezimaliza kwa namna ya kusoma isiyoacha kitu kichwani. Wewe, kwa ulivyoeleza, unaumizwa pande zote mbili.

Tazama hiyo 44 yako ya takwimu. Kazi za muhula 16, mtihani 28. Wengi wakiona 44 wanasema, "Mtihani ulinishinda." Haya, acha mtihani kama ulivyo, ile 28 isiguswe. Jaribio moja ulilikosa, kwa hiyo uliandikiwa sifuri. Tuseme ungelifanya, hata vibaya kiasi, na kazi nyingine ukazikusanya kwa wakati, kazi za muhula zikafika 28 kati ya 40. Ungetoka na 56. Kwa mizani niliyoitaja, 44 inakupa 1.0 na riteki. 56 inakupa 2.5 na kozi imekwisha. Mtihani ule ule na kichwa kile kile. Kilichobadilika ni asubuhi moja ndani ya foleni, na kazi kukusanywa kwa wakati.

Hapo ndipo wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza wanapoangukia, na huwa hawajui kwamba wameanguka mpaka matokeo yatoke. Muhula ni wiki 15 za kufundishwa na wiki 2 za mitihani. Mtu aliyetoka sekondari amezoea kwamba kilicho muhimu ni mtihani wa mwisho, kwa sababu UACE, mtihani wa Senior 6, ndivyo ilivyo: miaka miwili unajifua, mwishoni unaandika karatasi, basi. Chuoni, alama 30 au 40 kati ya mia zinagawiwa polepole, kuanzia wiki ya nne au ya tano, wakati wewe bado unaona muhula ni mchanga. Wale wenzako wa pointi 12 wenye GPA ya 4, nenda ukawaulize alama zao za kazi za muhula. Sitashangaa ukikuta wengi wao wanaingia mtihanini na 30 na zaidi mkononi. Anayeingia na 32 anahitaji 38 kati ya 60 kupata sabini. Anayeingia na 16 anahitaji 54. Hao wawili hawafanyi mtihani mmoja, ingawa karatasi ni ile ile.

Nije kwenye akili na shule. Pointi 17 hazipatikani kwa bahati. Lakini uangalie vizuri zilipatikanaje. Shule ya bweni ilikuamsha kwa kengele, ikakuweka darasani, jioni ikakurudisha darasani kwa masomo ya usiku ukitaka usitake. Mwalimu aliandaa pamfleti yenye maswali na majibu yake. Mlikwenda semina za shule nyingine, mkafanya mitihani ya moko, ile ya majaribio, na kila kosa lilirudi kwako na wino mwekundu. Juhudi zilikuwa zako, hilo halina ubishi, ila ratiba haikuwa yako. Chuoni ratiba imekabidhiwa kwako siku ya kwanza, na hakuna aliyekaa na wewe chini kukuonyesha inavyoshikwa. Mwanafunzi aliyetoka shule ya kutwa kijijini, aliyezoea kutafuta vitabu mwenyewe na kuazima madaftari ya wenzake, wakati mwingine anaingia chuo na pointi chache lakini akiwa na zoezi hilo tayari. Matokeo ya sekondari yana uhusiano na matokeo ya chuo, watafiti wameliona hilo nchi nyingi, ila ni uhusiano wa kiasi tu. Unabaki uwanja mpana wa mtu kupanda au kushuka.

Kuna jambo moja la shule ambalo kwako ni zito, nalo ni hesabu. Ukiwa na Historia, Jiografia na Ujasiriamali, nadhani somo lako dogo lilikuwa kompyuta, si hesabu. Maana yake hesabu uliiacha Senior 4, kisha ukakutana nayo tena katika shahada ya biashara kwa jina la takwimu, mbele ya mhadhiri anayeamini kwamba kila mtu anakumbuka namna ya kupanga mlinganyo. Na kizazi chenu kilifungiwa nyumbani kuanzia Machi 2020. Baadhi ya madarasa yalirudi kwa vipindi, mengine hayakurudi mpaka Januari 2022. Hakuna nchi iliyofunga shule kwa muda mrefu kuliko sisi. Mashimo yaliyobaki katika hesabu za watoto wa miaka ile ninayaona kila mwaka. Kwa hiyo ukikwama kwenye uwezekano, usijiite mjinga. Tafuta kitabu cha hesabu cha Senior 3 na Senior 4, ufanye sura za sehemu, asilimia, milinganyo na grafu kwa wiki tatu. Haichukui zaidi. Wanafunzi wanaona aibu kufungua kitabu cha sekondari wakiwa chuo kikuu, na aibu hiyo inawagharimu kozi nzima.

Sasa Bweyogerere. Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu naona ndipo penye uzito mkubwa kuliko unavyodhani. Njia ya Kireka, Banda na Nakawa asubuhi unaijua kuliko mimi, na ukifika mjini unapanda teksi nyingine. Ukiongeza na kurudi jioni, siku moja inaweza kumeza saa tatu, nne. Ukifika nyumbani kwa shangazi kuna kupika, kuna kuosha, kuna watoto. Hukuandika hivyo, lakini msichana anayeishi kwa ndugu Kampala hakai kama mgeni, na mvulana anayeishi kwa ndugu huyo huyo mara nyingi haguswi. Ndiyo maana unaanza kusoma saa nne usiku na kumaliza saa nane. Haukuwa uvivu wala kukosa bidii.

Mahudhurio ndiyo yanayolipia foleni hiyo. Uchambuzi mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2010, uliokusanya tafiti nyingi juu ya mahudhurio ya wanafunzi wa vyuo, ulikuta kwamba kuhudhuria mihadhara kunaashiria alama za mwanafunzi vizuri zaidi kuliko matokeo aliyoingia nayo chuoni. Hilo halinishangazi. Ukumbini ndiko mhadhiri anakotamka kwa sauti, "Hili mlielewe vizuri," na asiyekuwepo haoni sentensi hiyo kwenye slaidi za WhatsApp. Huko ndiko jaribio linakotangazwa, na siku hizi mengine hayatangazwi kabisa.

Nifanyeje basi, utaniuliza, nihamie hosteli kwa pesa gani? Sikushauri ukakope upange chumba Kikoni au Nakulabye. Kodi ya hosteli inaweza kukuondoa chuoni haraka kuliko foleni. Fanya hivi: kwanza kaa na shangazi, kwa heshima yote, siku ambayo hana haraka. Usimlalamikie. Mwonyeshe ratiba yako, mwonyeshe na hiyo riteki, umwombe siku tatu katika wiki ubaki maktaba mpaka foleni ya jioni ipungue, na mwishoni mwa wiki ufanye kazi za nyumba kwa mkono mzito. Mashangazi wengi hawajui kwamba mtoto wa chuo ana kazi baada ya mhadhara. Wanaona ratiba inasema saa nne mpaka saa sita, wanadhani siku imeisha hapo. Pili, siku ya jaribio na siku ya mtihani ondoka alfajiri, kabla watu wa ofisini hawajaingia barabarani. Ukifika saa moja kabla, utakaa usome. Kama una rafiki anayeishi karibu na chuo, wiki ya mitihani ulale kwake. Haya ni mambo madogo, lakini jaribio ulilolikosa lilikuwa dogo pia.

Pesa. Umeandika sentensi moja tu, "baba analipa ada kidogo kidogo," na ninajua kilichomo ndani yake: wiki ya kumi na mbili inafika, ofisi ya fedha inasema hupati kadi ya mtihani mpaka umalize salio, unapiga simu Arua, baba anasema subiri mwisho wa mwezi, na wewe umekaa na daftari mbele yako macho hayashiki mstari. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wakulima wa miwa huko Tamil Nadu, India. Walipimwa kwa maswali ya kufikiri kabla ya mavuno, wakiwa hawana kitu, kisha wakapimwa tena baada ya mavuno, mifuko ikiwa na pesa. Mkulima yule yule alifanya vizuri zaidi baada ya mavuno. Ukata ulikuwa umechukua nafasi ndani ya fikra zake. Basi na wewe usijilaumu kwamba huna umakini wiki ya kumi na mbili. Lazima wasiwasi huo uupunguze mapema, wiki ya kwanza.

Nenda ofisi ya fedha sasa hivi, muhula ungali mwanzo, uandike tarehe zote za malipo na kiasi cha kila tarehe. Mtumie baba orodha hiyo nzima kwa mara moja, ili ajipange na mshahara wake, badala ya kumshtua mara nne. Kwa kuwa ni mwanajeshi, muulize kama ni mwanachama wa Wazalendo SACCO, chama cha akiba na mikopo cha jeshi letu, na kama anaweza kupanga ada kupitia huko. Kuhusu mkopo wa serikali, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HESFB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, hulipia ada ya masomo na ada nyingine za chuo kwa kozi zilizoteuliwa. Chakula na kodi ya chumba hailipii. Kama una mdogo wako anayemaliza Senior 6, mwambie afuatilie tangazo lao kabla ya kuingia chuo.

Na intaneti. Tangu Julai 2021 bando la data linatozwa ushuru wa asilimia 12, na nimeona wanafunzi wakikosa kusoma kitu kwa sababu MB zimeisha. Vyuo vyetu vingi vimeunganishwa na RENU, mtandao wa vyuo na watafiti wa Uganda, na vina huduma ya Wi-Fi iitwayo eduroam. Ukisajiliwa chuoni kwako, jina na nywila hiyo hiyo inakuunganisha ukiwa katika chuo kingine chenye huduma hiyo. Chuo cha Kyambogo kiko njiani kwako. Pakua kila kitu ukiwa chuoni, usome nyumbani bila bando.

Sasa nije kwenye usiku wako wa saa nane. Umeutaja kana kwamba ni sifa. Mwanangu, mimi nauona kama sehemu ya ugonjwa. Mwaka 2019 chuo cha MIT kule Marekani kilichapisha utafiti wa wanafunzi wa kozi ya kemia waliovaa saa za kupima usingizi muhula mzima. Usingizi wa usiku mmoja kabla ya jaribio haukuonyesha uhusiano na alama. Uliohusiana na alama ni usingizi wa wiki na mwezi mzima uliotangulia. Huwezi kulala vizuri Jumapili ukalipa deni la wiki nne. Ubongo hupanga na kuimarisha uliyojifunza wakati umelala. Unaposoma mpaka saa nane na kuamka saa kumi na moja kuwahi teksi, unapanda mbegu na kung'oa kabla hazijashika.

Lakini hata saa hizo chache, zinakwenda kwenye nini? Nadhani najibu kabla hujaniambia: unasoma notsi, unarudia, unapiga mstari kwa kalamu ya rangi, unarudia tena. Ukimaliza unahisi umeelewa. Hapo ndipo wanafunzi wenye bidii wanapodanganyika. Mwaka 2006 watafiti wawili wa chuo kikuu kimoja cha St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja likakirudia kukisoma. Jingine likafunga karatasi na kuandika lilichokikumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walishinda. Walipopimwa baada ya siku mbili, na baada ya wiki, mambo yakageuka: waliojipima wenyewe walikumbuka zaidi kwa tofauti kubwa. Mtihani wako hauji baada ya dakika tano.

Kwa hiyo badilisha namna. Tuchukue takwimu yenyewe. Mhadhiri amefanya swali la uwezekano ubaoni: mfuko una mipira mitatu myekundu na miwili myeupe, unatoa miwili bila kurudisha, kuna uwezekano gani yote iwe myekundu? Usisome jibu lake ukatikisa kichwa. Lifunike, chukua karatasi tupu, ufanye mwenyewe: tatu juu ya tano, mara mbili juu ya nne, unapata tatu juu ya kumi. Ukikwama kwenye ile "mbili juu ya nne", umeshajua ni wapi hasa hujaelewa: mpira mmoja umeshatoka, kwa hiyo myekundu imebaki miwili na jumla imebaki minne. Andika hoja hiyo kwa maneno yako. Siku mbili baadaye fanya swali lile lile na namba nyingine. Wiki ijayo tena, dakika kumi tu. Kwa masomo ya maelezo, kama usimamizi au sheria ya biashara, funga daftari uandike vichwa vya mada kwa kumbukumbu, kisha fungua uone ulichokiacha. Mitihani ya miaka iliyopita iko maktaba. Ianze wiki ya tatu, usingoje wiki ya kumi na nne. Kusoma kwa namna hii kunauma, na hakukupi ile raha ya kuhisi umeelewa. Ila saa moja na nusu ya namna hii, jioni, akili ikiwa bado nzima, inazidi saa nne zako za usiku wa manane.

Diskasheni ni nzuri mkiwa watatu au wanne na kila mmoja ameshajaribu maswali kabla ya kuja. Mkiwa kumi na wawili, huo ni mkutano.

Nisikubebeshe kila kitu wewe. Vyuo vyetu vina lao. Tangu milango ifunguliwe kwa wanafunzi wa kujilipia miaka ya mwanzo ya 1990, idadi imeongezeka kuliko kumbi na walimu. Katika kozi za biashara mhadhiri anafundisha kwa kipaza sauti mbele ya umati, na karatasi za jaribio zinarudi muhula ukiisha, au hazirudi. Mwanafunzi anarudia kosa lile lile kwa sababu hakuna aliyemwonyesha. Hilo ni kosa letu sisi tunaofundisha, na linaniuma. Mpaka litakaporekebishwa, jilinde: mfuate mhadhiri au msaidizi wake saa za ofisi, ukiwa na swali moja lililoandikwa. Katika darasa la mamia wanaokwenda ni wachache sana, na karibu wote hupokelewa. Weka nakala ya kila kazi unayokusanya, piga picha ya karatasi ya mahudhurio ya jaribio ukishasaini. Alama kupotea ni jambo linalotokea, na asiye na ushahidi hana pa kuanzia. Matokeo ya muda yakibandikwa, yakague siku hiyo hiyo.

Na kama kuna mhadhiri yeyote atakayekuambia kwamba alama zinapatikana nje ya darasa, katika hoteli au kwenye gari lake, usibaki na jambo hilo peke yako na usifute ujumbe wake. Nenda kwa Mshauri wa Wanafunzi au ofisi ya jinsia ya chuo, pamoja na mtu unayemwamini. Makerere ina kanuni za maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia tangu 2006. Uliza za chuo chenu ziko wapi, uzisome kabla hujazihitaji. Hukuuliza hili, lakini wewe ni binti wa watu na uko mbali na nyumbani.

Bado kuna hofu. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa 2012 yalikuta kwamba katika mambo mengi yanayohusiana na alama za chuo, mojawapo lenye nguvu kuliko yote ni mwanafunzi kuamini kwamba anaweza kufikia alama fulani. Wahamasishaji wanalichukua hilo na kukuambia, "Jiamini!" Haisaidii. Mtu aliyepata 44 hawezi kujiamini kwa kuambiwa. Anajiamini akipata 27 kati ya 40 katika kitu ambacho juzi kilimshinda. Ndiyo maana nataka jaribio lako la kwanza muhula huu uliandae kuliko mtihani wowote uliowahi kufanya, hata kama lina alama kumi tu. Na ikiwa huzuni imekaa, huli, huoni sababu ya kuamka, basi hilo si la mbinu za kusoma; chuo chako kina washauri nasaha, nenda wiki hii, hawatozi na hawamwambii baba.

Kuhusu riteki yenyewe. Kwa kanuni za Makerere anayerudia kozi hurudia yote: mihadhara, kazi za muhula, na mtihani. Uhakikishe kanuni ya chuo chako, maana wengi wanadhani wataandika mtihani tu, halafu wanagundua wiki ya kumi kwamba hawana alama za muhula. Kozi hiyo inafundishwa tena kwa mwaka wa kwanza katika muhula ule ule ulioifanyia, na vipindi vyake vinaweza kugongana na vya mwaka wa pili. Kwa hiyo kesho chukua ratiba zote mbili uziweke sambamba. Zikigongana, mwone msajili wa kitivo chako kabla dirisha la kujiandikisha halijafungwa, umuulize kama kuna kundi la jioni la kozi hiyo. Ulipie ada ya riteki na utunze risiti. Kisha mtafute mhadhiri wa takwimu, umwambie wewe ni nani, ulipata ngapi, na ni mada zipi zilikushinda. Umwombe karatasi yako ya mwaka jana uione, kama kanuni zinaruhusu.

Ukishapata alama ya jaribio la kwanza, niandikie tena, iwe nzuri au mbaya, pamoja na maswali uliyoyakosa. Tutayapitia moja moja.